Waya kwenye Kipumulio

Tarehe 3 Machi

Mke mwenzangu,

Huna adabu. Naanza hivyo usije ukadhani nimeshika kalamu kukupongeza. Umekata kipande cha gazeti, umekikunja vizuri ndani ya bahasha, pembeni umeandika kwa wino wa bluu "Bibi, furahi, hili ni la kwetu", halafu nikisoma nakuta umemtia mtu wa watu kwenye mvuke mara ya pili.

Shairi lako nimelisoma mwenyewe. Sikumwita mtu anisomee. Darasa la nne nililimaliza, na enzi zetu darasa la nne lilikuwa darasa, si haya yenu ya kugawiwa vyeti kama pipi msibani. Nimelisoma asubuhi, nimelisoma baada ya kufua, na leo tena. Halina vina, halina mizani, mstari mwingine una neno moja tu limekaa peke yake kama mtu aliyesuswa. Hayo nakusamehe. Mama yako aliniambia ndivyo mnavyotunga siku hizi, nikasema sawa, na wavae wanavyotaka.

Nisilolisamehe ni hili. Nakuandikia maneno yako mwenyewe ili usiseme nimekusingizia:

Mvuke haukumchagua.
Uliinuka tu, kama kitu kinachoamka.
Mkono ulikuwa juu ya bomba
ukasahau.
Hauna kosa, mkono.
Mashuka yaliendelea kuwa meupe.

Sasa nikuulize, wewe msomi. Mkono wa nani huo? Ulikuja kazini wenyewe saa kumi na mbili asubuhi, ukatundika koti msumarini, ukawaamkia wenzake? Yule alikuwa mtu mzima, mpiga pasi wa chumba cha kufulia cha hospitali, mwanamke mwenye mdomo na kicheko cha kuudhi, na alikuwa na binti wa miaka sita. Wewe umemfanya mkono. Na huo mkono nao ukausahaulisha. Nani kakwambia ulisahau?

Na mashuka. Mimi nilikuwepo. Nimefua hospitali ile miaka kumi na tisa. Alilazwa wodini siku tatu akiwa hai, na aliyolalia yaliletwa kwangu. Hayakuendelea kuwa meupe.

Halafu ile sauti yako! Kama muuguzi anayekwambia mgonjwa wako ameshafariki huku anatazama saa. Hulii, hukasiriki, hunyooshi kidole, unapita tu ukinyunyiza huruma. Eti hana kosa! Mtu akikusimamisha njiani akakwambia "nimekusamehe", na wewe hujamfanya lolote, utamshukuru au utamuuliza alikutuhumu lini?

Unasema litakuwa la kwanza kwenye kitabu chako. Litoe. Mwanamke yule hana maandishi mengine duniani isipokuwa ripoti ya hospitali na hayo yako. Kikishachapwa kitabu, ndiyo basi, atakaa humo akiwa mkono uliosahau hadi sote tuoze.

Simu usinipigie. Uliandika, utajibiwa kwa maandishi.

Bibi yako


Tarehe 14 Machi

Kwa Bibi, mke mwenzangu mkubwa,

Shikamoo. Barua yako nimeisomea hapa chapani, kazini kwangu, katikati ya kurasa za kitabu cha sayansi cha darasa la tano ninachosahihisha. Nilicheka kwa hayo ya pipi msibani, mwenzangu wa meza ya pili akaniuliza kama nimepata mchumba. Nilipofika chini sikucheka.

Bibi, nisikilize kidogo. Zamani mshairi akilitaja ovu, alisimama mbele ya watu kama hakimu. Alifoka, alilaani, akamaliza kwa wosia. Msomaji alitoka hapo amefurahi, kwa sababu mkosaji alikuwa mtu mwingine na alishachapwa. Sisi tunatunga vingine. Tunaliweka ovu mezani, wazi, tunaondoka bila kusema neno. Sauti ikipoa, baridi inamwingia msomaji mwenyewe. Mhariri wangu ni mtu mkavu, hata harusini kwake hakucheka, lakini alipofika kwenye mstari wa mashuka aliacha chai yake ikapoa. Ningepiga kelele, angeinywa.

Na sikumlaumu mtu kwa kuwa hakuna wa kulaumiwa. Babu, mume wetu, ndiye aliyenisimulia, mimi nikiwa na miaka kumi na miwili. Aliniambia mpiga pasi alikuwa karibu na boila, bomba likawa wazi, mvuke ukapanda. Alisema marehemu alijisahau tu, jambo la kibinadamu. Hakumsema vibaya hata siku moja. Alikuwa akisimulia huku ametazama viganja vyake. Sauti hiyo unayoichukia ni ya Babu, Bibi. Nimeiiga kwake. Nilidhani utaitambua, na utafurahi kumsikia tena.

Kama tatizo ni neno "mkono", naweza kuandika "mwanamke". Kulitoa siwezi. Sijawahi kutunga jema kuliko hilo, na kurasa zinaingia mtamboni tarehe thelathini ya mwezi ujao.

Mjukuu wako, mke mdogo


Tarehe 23 Machi

Mke mdogo usiye na masikio,

Marahaba. Niliitambua. Ningekosaje kuitambua sauti ya mtu niliyelala naye kitanda kimoja miaka thelathini na sita? Ndiyo maana nilimwaga chai kwenye gazeti lako.

Nitakueleza kuhusu boila, kwa kuwa unaandika vitu usivyovijua.

Chumba cha kufulia kilikuwa nyuma ya hospitali, kuta zimeota ukungu, sakafu haikukauka tangu ilipojengwa. Mwisho wa chumba ndipo lilipokaa boila, tangi la chuma la kuchemshia maji yawe mvuke, refu kuliko mtu, na pembeni ngazi ya chuma ya vidato saba. Babu yako ndiye aliyekuwa mwangalizi wake. Juu kabisa palikuwa na kidude cha shaba, sisi tulikiita kipumulio. Kazi yake ni moja: mvuke ukizidi, kinajifungua chenyewe, kinautoa nje, na kinapiga ukelele wa kutoboa masikio. Ukiusikia unajua boila limeshiba, punguza moto.

Basi Jumatatu yalikuwa yakija mashuka ya siku mbili kwa mpigo, kwa sababu Jumapili hatukufua. Moto ulitiwa mwingi, kipumulio kikawa kinalia kila baada ya muda mfupi. Wakubwa wakalalamika. Muuguzi mkuu alikuja mwenyewe na kofia yake iliyonyooka, akasema kelele inawasumbua wagonjwa, kidude kinyamazishwe. Hakusema kinyamazishwe vipi. Watu wakubwa hawasemi vipi.

Babu yako akapanda ngazi na kipande cha waya, akakifunga. Kila Jumatatu asubuhi anafunga, saa nane mchana anafungua. Miezi minne. Sote tulijua, wanawake kumi na watatu, na tulifurahi maana masikio yalipumzika. Moto haukupungua hata kidogo. Kilichopungua ni kelele.

Sasa litazame shairi lako. Unaniambia sauti ikipoa msomaji anaingiwa na baridi. Labda. Mimi nimeona kidude kikipozwa sauti, na aliyeingiwa na kitu hakuwa msomaji.

Siku ya nne baada ya ajali wakubwa walikaa ofisini, karani na mashine yake ya chapa, babu yako kasimama amekunja mikono. Akasema, "Mvuke ulipanda. Bomba lilikuwa wazi. Marehemu alikuwa karibu." Sauti ya chini, ya adabu, mtu ungependa kumpa kiti. Kila alilosema lilikuwa kweli. Ungelipima moja moja usingepata uongo hata wa kuziba jino. Karani akaandika: ajali iliyotokana na uzembe wa marehemu. Muuguzi mkuu akafuta machozi. Marehemu akazikwa na uzembe wake.

Hakuchezea bomba. Alipanda kufungua ule waya, kwa sababu boila lilikuwa linanguruma na hakuna aliyekwenda. Bomba la mvuke lilipasuka ameushika.

Usiniulize kwa nini alikwenda yeye.

Litoe hilo shairi.

Bibi yako


Tarehe 9 Aprili

Bibi,

Shikamoo. Nimekaa na barua yako siku kumi kabla ya kushika kalamu. Mama hajui, sijamwambia.

Nimekumbuka jambo. Nilipokuwa nakaa kwenu likizo, Babu hakuruhusu sufuria ifunikwe. Ukiweka mfuniko, anakuja anautoa, hasemi kitu, anarudi kukaa. Maharage yalikuwa yakichukua mchana mzima kuiva na wewe ulikuwa unamwita mchawi wa gesi. Mimi nilidhani anapenda harufu. Alinifundisha kufunga kamba za viatu, Bibi. Aliposhindwa kuona vizuri, mimi ndiye niliyemkata kucha. Siwezi kumwandika kama muuaji. Nimejaribu. Kalamu inagoma.

Lakini nimelirekebisha shairi, na sasa ukweli umo:

Waya ulijizungusha shingoni mwa shaba.
Jumatatu ilikuwa na mashuka mengi.
Mwanamke alipanda kuelekea ukimya.

Nadhani ni bora kuliko la kwanza. Waya umo, Jumatatu imo. Anayejua atajua.

Na kuna jingine. Wiki iliyopita gazeti liliniletea barua ya msomaji. Nilipoisoma nilitaka kukimbilia kwako. Nakunakilia yote, neno kwa neno:

"Kwa mtunzi. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule. Gazeti lilikuja limefungia vifungo nilivyoagiza, nikaliona shairi lako. Chumba cha kufulia, hospitali, boila. Nikajua. Yule mpiga pasi ni mama yangu. Nilikuwa na miaka sita. Baada ya ajali chumba kilifungwa miezi mitano, wanawake kumi na wawili wakakaa bila kazi, na kila waliponiona njiani walitazama pembeni. Shuleni niliitwa Binti Boila. Nimekua nikijua mama yangu alijiua kwa uzembe na akawaharibia watu riziki. Watu wakiniuliza alikufa kwa nini nasema homa. Wanangu nimewaambia homa. Mwaka wa arobaini huu, na wewe ndiye wa kwanza kuandika kwamba hana kosa, alisahau tu. Nililia mpaka wasichana ninaoshona nao wakazima mashine. Mstari huo nimeukata, nimeubandika ukutani juu ya cherehani. Nina ombi moja. Aliyekusimulia kama yu hai, au mtu wake yeyote, nataka nifike nimshukuru, na nimwombe radhi kwa niaba ya mama. Fundi cherehani."

Umeona, Bibi? Ile sauti uliyoitukana imempa mtu pumzi baada ya miaka arobaini. Kama ningefoka ningempa nini? Tukimfuata sasa na habari za waya, tutamvua hata hicho kidogo alichopata. Amefika umri wa kuwa na amani. Na Babu hayupo wa kujibu. Naona tuache hivi, shairi liende lilivyorekebishwa, naye nimjibu kwa upole kwamba msimulizi ameshafariki.

Niambie nimekosea wapi. Kurasa bado ziko mezani kwangu.

Mjukuu wako


Tarehe 17 Aprili

Mjukuu wangu,

Leo utani nimeuweka kando.

Barua ya yule binti niliisoma nimesimama mlangoni, na nimeshindwa kurudi kukaa kwenye kiti changu mpaka kulipoanza kunyesha. Anataka kuniomba radhi. Mimi. Umesoma hapo ukanakili kwa mwandiko mzuri, ukaniuliza umekosea wapi.

Ulisema kwamba nikuambie, basi nakuambia, na mara hii mpaka mwisho.

Kazi ya kukunja mashuka inataka watu wawili. Mmoja anashika pembe mbili, mwenzake pembe mbili, mnavuta, mnatikisa, mnaendeana mpaka vidole vinagusana, mnaanza tena. Mpiga pasi ndiye aliyekuwa mwenzangu. Miaka saba tuliendeana hivyo, mara mia kwa siku, yeye ananiambia umbeya wote wa wodini tunapokutana katikati. Jumatatu ile boila lilianza kunguruma kwa chini, ngurumo ya tumboni. Babu yako alikuwa ameitwa ofisini. Mwenzangu akasimama. Akasema, "Shoga, mumeo kafunga lile dude. Nenda ukafungue."

Nikamwambia, "Nenda wewe."

Nilikuwa na mama yako tumboni, miezi saba. Usikimbilie hapo. Ngazi ile nilikuwa nikiipanda kila Ijumaa na tumbo langu, kufuta masizi. Sikwenda kwa sababu nilijua mkubwa yeyote akiingia akanikuta mke wa mwangalizi nina waya mkononi, atajua nani aliufunga, na nyumba tuliyokuwa tunakaa ilikuwa ya hospitali. Yeye akikutwa nao, itaonekana umbeya wake tu. Hilo nililiwaza lote kwa muda wa kutikisa shuka moja. Akili yangu ilikuwa nyepesi siku hizo.

Akaachia pembe zake. Akanitukana, akaniambia "mwoga wewe na mumeo", akapanda vidato saba na viatu vyake vya mpira. Unaniandikia "alipanda kuelekea ukimya". Hakukuwa na ukimya, mwanangu, alikuwa anatukana njia nzima. Mkono wake uliushika waya, niliuona. Chumba kizima mkono ule ndio peke yake ambao haukusahau.

Na ripoti. Waliniita na mimi. Karani akanisomea: tulimwonya mara nyingi asichezee mitambo. Akaniuliza, unajua kusaini? Nikasema sijui, nikaweka dole gumba. Mimi, niliyemaliza darasa la nne! Nilitaka siku moja watu waseme, masikini, hakujua alichokubali. Wote tuliokuwa tunajua tukanyamaza, na yule mtoto alipopita njiani tukatazama pembeni. Yeye akadhani tunamchukia. Hakuna aliyekuwa na macho ya kumtazama.

Babu yako hakujua kama mimi ndiye niliyemtuma. Amekufa akijua lawama yote ni yake. Nilimwacha aibebe peke yake, na mifuniko ya sufuria nikamchekea.

Sasa kuhusu hayo mashairi yenu. Nimefikiri sana ulichosema cha sauti kupoa. Hujakosea kila kitu. Mtu aliyefoka kuhusu jambo hili angeniponyesha, ningesema huyu ana hasira tu, ningezima taa nikalala. Lile lako liliponikuta nililisoma mara tatu. Basi sikuombi upige kelele. Sema kwa sauti ya chini kiasi upendavyo. Ila mtu awemo. Waya haujizungushi, hauna mikono. Babu yako aliutoa mfukoni akauzungusha mara nne kutoka kushoto. Ukiwaacha watu nje, ile baridi yako inawafaa wakosaji tu, wanajikunyata humo kama kwenye blanketi, na asiye na kosa anabaki kukushukuru. Umemwona anavyokushukuru. Amebandika tusi dhidi ya mama yake juu ya cherehani na analifutia machozi.

Unasema kalamu inagoma kumwandika babu yako kama muuaji. Usimwandike hivyo. Mwandike alivyokuwa: mtu mpole, alimfundisha mjukuu kamba za viatu, na alifunga kipumulio kwa kuwa wakubwa walitaka kimya, na akasimama ofisini akasema maneno ya kweli mpaka maiti ikawa na hatia. Yote ni mtu mmoja. Kama ushairi wenu wa kisasa hauwezi kubeba hayo pamoja, mimi sijui mnauendea shule ya nini.

Amani yake usiisingizie. Anayeogopa kuivuruga ni wewe, na ni mimi. Mimi nimeogopa miaka arobaini na nimenenepa nayo.

Basi fanya hivi, na usinijibu kwanza.

Zuia hizo kurasa. Kama mhariri atakasirika na kitabu kikachelewa mwaka, na kichelewe. Jumatano usiende chapani, nenda kwa fundi cherehani. Nenda mchana, wasichana wake wakiwepo, maana waliomsikia akilizwa na uongo lazima wasikie na haya. Usikae mpaka akupe kiti. Asipokupa, soma umesimama. Msomee barua hii yote, pamoja na dole gumba, usiruke tusi wala usishushe sauti ufikapo kwangu. Usilie mbele yake. Ukilia, atalazimika kukubembeleza, na hiyo si kazi yake. Ukimaliza mwachie karatasi hizi mkononi ziwe zake. Akikuuliza nakaa wapi, mwelekeze njia mpaka mlangoni, mwambie nipo kila siku. Kisha mwulize mama yake aandikwe jina gani, lile la kuzaliwa au lile walilomwita nyumbani, na utakavyoambiwa ndivyo uandike.

Bibi yako